Oili ya Magurudumu ya Nyuma

Ndugu zangu, mwadila. Mliokaa nyuma mkishindwa kunisikia semeni, maana koo langu limezoea kushindana na injini, si kipaza sauti. Na vidole vyangu msiviangalie. Nimevisugua kwa sabuni na mchanga tangu asubuhi, na hapo ndipo vinapoishia kutakata.

Nimeombwa niseme jinsi nilivyokwama na jinsi nilivyotoka. Sitataja jina la mtu. Wengine wamo humu ndani, wengine wameshatutoka, na aliyekosa kuliko wote ni mimi niliyesimama hapa.

Mimi ni wa kwanza kwa mama yangu. Mama alipofariki niliacha shule darasa la sita nikamsaidia baba kulea wadogo zangu wanne. Baba alikuwa na pikapu, kuukuu tangu siku aliyoinunua, na kwa kuwa mtoto wa kiume alichelewa kuja, aliyefundishwa kuiendesha ni mimi. Tulijifunzia mbugani wakati wa kiangazi, ardhi imekauka na kupasuka, hakuna cha kugonga isipokuwa kichuguu. Kisha baba naye akafariki, mwaka uleule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia huku kwetu.

Tulipomaliza matanga, ukoo ulikaa. Sisi watoto tuliambiwa tukae nje, lakini dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia tunagawanywa. Mmoja aende Nassa kwa shangazi, wawili waende Nkololo, kitinda mimba abaki kwa baba mdogo, na mimi niolewe. Gari liuzwe zinunuliwe ng'ombe. Hawakusema kwa ubaya, nawaambieni ukweli. Ndivyo watu wanavyookoa yatima, kila nyumba inabeba mzigo kidogo. Lakini kitinda mimba alikuwa amenishika kidole, na alikuwa hajaniachia tangu makaburini.

Niliingia ndani bila kuitwa. Nikapiga magoti mbele ya baba mdogo, nikamwomba msimu mmoja tu wa pamba. Wanunuzi walikuwa wengi, mizani imewekwa kila kijiji, magari ya kubebea hayatoshi. Nikasema nitaendesha, nitawalisha wenzangu.

Baba mdogo alinitazama. "Msichana, gari si ng'ombe. Ng'ombe akichoka analala, gari likichoka linaua."

"Naelewa, baba."

"Sawa. Lakini siku litakaposimama kabla msimu haujaisha, nakuja kuwachukua hawa. Sitakuja kujadiliana."

Basi nikaingia kwenye mtego huo kwa miguu yangu mwenyewe.

Masika yalikwenda vizuri. Nilibeba mahindi na wagonjwa, safari fupi fupi. Mto ukijaa nilivuka kama baba alivyokuwa akivuka. Baba alikuwa na desturi yake: kabla ya kuingia majini aliteremka, akalala chini ya gari, akaziba tundu dogo lililo juu ya difu, lile bunda la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, kwa pamba iliyopakwa sabuni ya mche, ili maji yasiingie ndani. Nilimwona mara nyingi, mimi ndiye niliyekuwa nampa ile pamba. Mvua kubwa ya kwanza tangu tumzike ilipokuja, nililala chini nikaziba vilevile, nikavuka. Nilijisifu peke yangu garini.

Mwezi wa sita pamba ikaanza kutoka, na safari zikawa ndefu. Jua kali, magunia yamepanda hadi juu ya kichwa cha gari. Wiki ya pili nikaona doa jeusi upande wa ndani wa gurudumu la nyuma kushoto. Nikikanyaga breki, gari linavuta kulia.

Nikaenda kwa fundi wetu hapa mjini Bariadi. Akasema, "Hayo ni maji ya breki. Raba za silinda ndogo zimekufa." Akabadilisha. Siku tatu doa likarudi. Akasema basi ni sili ya ekseli, ile raba inayozuia oili ya difu isitoke kuingia kwenye breki. Akachomoa ekseli, akaweka sili mpya. Wiki moja tu, doa likarudi, na sasa gurudumu la kulia nalo likaanza.

Wakati ule, mnakumbuka, maduka ya spea yalikuwa yamefunguliwa kila kona. Vitu tulivyokuwa tukivitafuta miaka mingi vikawa vimetundikwa ukutani, na kila kilichoharibika tulisema ni bandia. Nami nikasema hivyo hivyo. Nilikwenda dukani, nikamwita mwenye duka mwizi mbele ya wateja wake. Nikamwambia anauza sili za kuchonga ili aue watoto wa marehemu. Yule mzee alichukua sili nyingine, akanipa bure, akageuka kumhudumia mtu mwingine.

Hiyo nayo ilitema oili, na mbili nilizonunua baadaye, ya kushoto na ya kulia, vilevile.

Ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi siku zile. Kila nilipoegesha nilichungulia chini kabla ya kumsalimia mtu. Nilibeba kopo la petroli na kipande cha msasa. Njiani nafungua dramu la breki, nasugua zile laini zinazobana gurudumu, naosha kwa petroli, nafunga, naondoka. Zinashika kidogo, halafu zinateleza tena. Nikisimama, wadogo zangu wanagawanywa. Nikiendelea, naweza kuua mtu. Na mahali pa kuuliza sikupaona, kwa sababu kila niliyemfikiria alikuwa na njia ya kumfikishia baba mdogo habari. Alipopita nyumbani kutujulia hali niliegesha gari nyuma ya nyumba, nikatandaza majani chini ya magurudumu.

"Gari linaendeleaje?"

"Halina shida, baba."

"Hakika?"

"Hakika."

Akaangalia yale majani. Akanywa uji wake, akaondoka.

Siku yenyewe ikafika. Tulikuwa tunapeleka mzigo upande wa Mwanhuzi, mdogo wangu anayenifuata amekaa juu ya magunia. Pale penye mizani pana mteremko mfupi, na chini yake pamba ya watu imemwagwa kwenye turubai. Nikakanyaga breki. Gurudumu moja likashika, lingine likakataa kabisa. Gari likageuka ubavu likaingia ndani ya pamba, na mdogo wangu akarushwa.

Nilifunga macho, na sikutaka kuyafungua.

Nilichosikia kwanza ni kicheko. Mdogo wangu alikuwa ameangukia katikati ya pamba, ameketi, mweupe kuanzia nywele hadi miguu, anatema nyuzi. Watu wakapumua, halafu wakaanza.

"Mpigeni picha bibi harusi!"

"Gari limemkataa huyo, kama ng'ombe anayekamuliwa na mgeni!"

"Dada, teremka, mwite mwanaume alirudishe!"

Nilicheka nao, huku nikimkung'uta mdogo wangu pamba. Angeanguka hatua mbili kando, pale palikuwa na mawe ya mizani.

Tulijikokota hadi Mwanhuzi kwa gia ya kwanza. Huko walinielekeza kwa fundi mmoja mtu mzima, gereji yake ni uwanja wenye mabati mawili na gari bovu la kukatia kivuli. Nikamwambia nataka sili.

"Sili zipo, mayu. Lakini kaa kwanza."

Hakushika spana. Alipitisha kidole kwenye ile oili, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa, akanipa na mimi.

"Inanuka nini?"

"Inanuka vibaya. Kama yai viza."

"Na uzito wake?"

"Nzito, inavutika."

"Maji ya breki ni mepesi, hayavutiki hivi. Kwenye kopo lake pale mbele yamewahi kupungua?"

Nikafungua boneti, nikaangalia. Yalikuwa hayajapungua hata kidogo. Miezi miwili sikuwa nimeangalia.

"Basi hii ni oili ya difu. Sili umebadilisha mara ngapi?"

"Kushoto mara tatu, kulia mara moja."

"Na zote zinatema?"

"Zote."

"Mbovu moja naamini. Mbovu zote, pande zote mbili, hapana. Hapo sili haina kosa, inasukumwa. Difu likipata moto hewa ya ndani inatanuka, lazima itoke mahali. Ingia chini, upapase juu yake, kuna tundu la kupumulia."

Nililala chini. Nikapapasa. Kidole kikagusa kitu kigumu kama jiwe, tope jeusi la mbugani limekauka juu yake. Nikabandua tope. Chini yake kulikuwa na sabuni ya mche, na ndani ya sabuni kulikuwa na pamba.

Niliitambua kazi ya mikono yangu.

Fundi akauliza kutoka nje, "Umelipata? Limezibwa?"

"Ndiyo."

"Nani kaliziba?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokuwa nimefikishwa. Yule mtu hakunijua. Ningesema sijui, angeamini, na ningerudi na mwizi wangu wa dukani na fundi wangu mbovu, nikiwa safi. Nikalala pale chini nikiangalia ile pamba.

"Ni mimi."

"Zibua."

Niliuchokonoa mzibo kwa bisibisi. Hewa ikatoka fyuuu, ndefu, ikanipulizia sabuni na vumbi usoni. Nikalia. Nililia kilio nilichokuwa sijamlilia baba, kwa sababu nilikumbuka. Kila tulipomaliza kuvuka, baba alisimamisha gari ng'ambo. Mimi nilikimbilia mtoni kunawa tope miguuni. Nikirudi namkuta anatoka chini ya gari, anajipangusa magoti, na mimi nikadhani alikuwa ameinama kuangalia matairi. Kumbe alikuwa anazibua. Nilifundishwa nusu, na nusu nyingine ilifanyika nikiwa nimegeuka.

Yule fundi hakunicheka. Alinibakiza siku mbili. Nilimfulia, nikampikia, naye akanifundisha. Laini nilizokuwa nasugua kwa msasa alizitupa mbali. "Hizi zimeshakunywa oili," akasema. "Unaosha juu, ikipata moto inatoka ndani. Unajidanganya, na unawadanganya watu wa barabarani." Akafungua nyingine kavu kwenye lile gari bovu lake. Alinionyesha jinsi ya kupitisha ukucha kwenye ekseli kuona kama imelika pale sili inapokaa, na jinsi ya kupima oili ya difu isizidi. Siku ya tatu nilikanyaga breki uwanjani kwake, magurudumu yote yakasimama pamoja. Kuku akapita mbele yangu salama.

Nilirudi Bariadi, sikwenda nyumbani. Nilikwenda dukani, nikasubiri wateja wawe wengi kama siku ile, nikapiga magoti. Kisha kwa fundi wetu. Kisha kwa baba mdogo. Nilimweleza yote, hata habari ya majani.

Akasema, "Marehemu kaka alikuwa anazibua kila akivuka. Nilikuwa naona."

"Mimi sikuona, baba."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza, ungesema gari limenishinda."

Akatazama chini. Baba mdogo yupo hapa leo, atanisahihisha nikikosea. Alisema, "Ningesema." Kisha akaongeza, "Maliza msimu wako. Na kuanzia leo ukiwa na swali njoo, sitahesabu kuwa gari limekushinda."

Hakugawanywa mtu. Anayenifuata, yule bibi harusi wa pamba, ana watoto wake sasa. Kitinda mimba ameachia kidole changu, naye siku hizi ananifokea kwamba nazeeka na bado nalala chini ya magari.

Nawashukuru. Wabeja, mzee wa Mwanhuzi, popote ulipo. Wabeja, mwenye duka, uliyenipa sili nikiwa nimekutukana. Wabeja, baba mdogo, kwa lile neno moja ambalo hukulifunika.

Nilichojifunza ni kidogo. Mimi nilikuwa nabanwa na mambo mengi siku zile, lakini kilichokaribia kumuua mdogo wangu ni kwamba niliogopa kuuliza. Wenye yatima nyumbani, msiwangoje waulize, hawataweza. Na mnaofundisha watoto kazi, mkishamaliza mwiteni tena huyo aliyekimbilia mtoni, mwambieni: njoo uone na hii.

Hadi leo nikivuka mto nasimamisha gari ng'ambo, nateremka, napiga magoti. Abiria wageni huvua kofia, wanadhani dereva ni mtu wa sala sana. Ni kweli nasali. Lakini kwanza nazibua.