Viti Vinavyotazama Mtoni

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la Kang'ethe pale Kyandue, soko dogo kando ya barabara ya Mombasa, ukishapita Salama. Ni benchi mbili, gogo moja, na birika la Kasyoka, mama mjane aliyejifunza kupika kahawa chungu huko Mombasa, mumewe alipokuwa akifanya kazi reli. Jioni hiyo ya mwaka wa themanini na sita tulikuwa wanne. Kang'ethe tunamwita Spea, kwa sababu anauza spea za lori na vyuma vya kila aina. Ndululu, mzee wa kanisa, ni Mithali, maana hamalizi kikombe bila methali, na sijawahi kusikia hata moja ikiangukia mahali pake. Muthama ni Injinia. Alikuwa nyapara wa barabara miaka mingi, na ndiye aliyeichorea kaunsili ile bustani ya mtoni. Wa nne ni mimi, fundi cherehani, ambaye hata jina la utani sijapewa. Haya nayasimulia nikiona aibu, na si aibu ya Injinia peke yake.

Kasyoka alitumiminia nusu kikombe kila mtu.

— Mwaitu, mama yetu, mbona kahawa imekuwa ya kuonja? Spea akauliza.

— Maji ni kidogo. Siku hizi natoa Kwa Kitili, ng'ambo ya kilima. Huu mguu wangu umekataa hiyo njia. Mambo yakienda hivi, mimi nafunga.

— Haba na haba hujaza kibaba, Mithali akasema, akitazama nusu yake.

Tulijua kwa nini Kasyoka anachota Kwa Kitili na si hapa chini, mtoni, alikochota miaka yote. Tulijua, tukanywa. Injinia akahamisha mazungumzo upesi, akauliza ni kwa nini watu wa Kyandue hawaendi kukaa bustanini.

Ni swali tulilolipenda, maana lilitupa kazi ya kufanya. Bustani yenyewe ni nzuri. Kuna maua, kuna mawe yaliyopakwa chokaa, na kuna viti vya sementi ukingoni, vyote vimeelekea mtoni. Injinia aliwahi kwenda Mombasa kwa arusi, akaona watu wamekaa pwani wakitazama maji, wakila mihogo, na roho yake haikutulia mpaka na sisi tukae vile.

— Shida ni sementi, Injinia akaanza. Watu wetu wamezoea mbao. Sementi ni baridi, italeta bawasiri.

— Wapi! Spea akasema. Hakuna biashara huko. Mtu atakaa aangalie nini? Weka mashua.

— Mashua kwa mchanga? Injinia akauliza.

— Iwekwe tu. Mvua ikija itakuta iko tayari.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Mithali. Lakini mimi naona ni hiyo chokaa. Wazee walisema aimu, wale pepo wa mto, hawapendi kitu nyeupe.

— Na wewe ni mzee wa kanisa, Ndululu, nikamwambia.

— Siwaamini. Nasema tu hawapendi.

Injinia alikuwa hasikii. Alikuwa amechora na kidole juu ya benchi, mstari mrefu kutoka kikombe chake mpaka cha Spea.

— Si hii bomba ya mafuta imepita hapa kutoka Mombasa? Basi Jumapili, mafuta yakipumzika, walete bahari. Kidogo tu, ya kujaza kutoka darajani mpaka kwa lile jiwe kubwa.

Tulilijadili hilo kwa makini kabisa. Spea aliuliza kama chumvi itaharibu bomba. Mithali aliuliza kama papa wanaweza kupita. Watu wazima tulikaa tukihesabu bahari, na nyuma yetu Kasyoka alikuwa anachanganya machicha ya jana ili tupate kikombe cha pili.

Sasa nitasema lile ambalo hakuna aliyekuwa akilisema. Mto wetu hauna maji ya kutazamwa. Ni mchanga sehemu kubwa ya mwaka, na maji yako chini ya mchanga. Akina mama ndio wanaoshuka jioni, wanafukua visima, wanachota, wanafua, halafu wanaoga nyuma ya lile jiwe. Mwanamume hapiti huko saa hiyo. Hata mlevi wa Kyandue anajua kuzunguka.

Siku ya kufungua bustani, hotuba zilichelewa mpaka jua likapoa. Injinia akaombwa awe wa kwanza kukaa. Akakaa, akakunja nne, tukapiga makofi. Alipoinua macho, mbele yake, ndani ya kisima cha mchanga, na leso imefungwa kifuani, alikuwa muthoni wake, mama mzazi wa mkewe. Kwetu Ukambani mtu hakai na mama mkwe meza moja. Akimwona njiani, anatoka njiani. Sembuse majini. Injinia aliinuka akaenda zake, kofia akaiacha kitini, na hakuna aliyethubutu kumpelekea.

Tangu hapo sisi hatukukaa kule. Lakini viti havikai bure kando ya barabara ya Mombasa. Madereva wa lori wakavigundua. Wanaegesha jioni, wanakaa, wanatazama, wanapiga miluzi. Akina mama wakahama mmoja mmoja, wakaenda Kwa Kitili.

Tulikuwa bado kwenye papa alipotoka dukani Waringa, dada mdogo wa Spea, aliyefika wiki hiyo kutoka Murang'a kumsaidia kuuza. Alikuwa amesikiliza, maana kaunta iko karibu.

— Wazee, naomba kuuliza. Mimi ni mgeni.

— Uliza, mama, Injinia akasema, akijiweka sawa kwa swali la bomba.

— Nilienda huko jana, nikakaa kidogo. Viti vyote vinaangalia chini mtoni. Sasa, mkiviweka hivyo, mlifikiria mtoni kuna nani?

Aliuliza kwa adabu, bila ubaya wowote. Mithali alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza methali haikutoka. Spea aliangalia viatu vyake. Mimi nilianza kukumbuka kwamba plani ile ililetwa hapa hapa kijiweni, tukaishika kwa zamu, tukaisifu, nikaulizwa kama viti vitazame barabara au mto, nikasema mto, kuna upepo. Mke wangu alichota huko kila siku.

Kasyoka akainamisha birika. Halikutoa kitu.

— Imeisha, akasema. Na ya kesho hakuna. Angalieni, hao wanarudi.

Njia ya kutoka Kwa Kitili inapita mbele ya kijiwe. Akina mama walikuwa wanateremka wameinama, mitungi mgongoni, ukanda umebana kipaji cha uso. Wa mwisho, mbali na wengine, alikuwa mama mzee aliyesimama kila hatua chache akishika goti. Hatukuhitaji kuambiwa ni muthoni wa nani.

Injinia akasimama. Nilifikiri anaenda kumpokea mzigo, na nadhani mwili wake ulitaka hivyo, kwa sababu ulianza kwenda. Kisha akakumbuka. Hawezi kumkaribia, hawezi kumgusia mzigo, hawezi hata kumwambia pole. Akageuka, akauelekea ukuta wa duka, paji la uso karibu liguse mabati, mikono imening'inia.

Waringa ndiye aliyekimbia. Akautua ule mtungi, akaubeba yeye, na yule mzee akapita mbele yetu polepole, akitazama chini ili naye asimwone mkwe wake. Sisi wengine tuliinuka na vikombe vitupu mkononi.

Hatua zake zilipokwisha kusikika, Injinia akasema, bado akiwa ukutani:

— Kang'ethe, nipe mtaimbo wa kung'olea sementi.