Sauti Iliyotoka na Betri

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililoegemea ukuta wa kinyozi, linalotosha watu wanne wanaopendana au watatu waliogombana. Siku hiyo walikaa watatu. Katikati alikuwa Vidole, mpiga kinanda, ameshika kikombe cha kahawa bila kukionja, na ukimwona Vidole anaiangalia kahawa badala ya kuinywa, ujue nyumbani kumeharibika kitu. Kulia kwake alikaa Waya, fundi wa redio, na kushoto Bunge, kinyozi mwenyewe, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hajawahi kufunga kikao. Mlango wa pili alikuwepo Sindano na cherehani yake, anashona gauni la bibi harusi, binti wa Vidole. Harusi ni Jumamosi.

— Amesema siyo, alisema Vidole.

— Nani? aliuliza Bunge.

— Shemeji yako. Nimempigia wimbo wote, mwanzo mpaka mwisho. Akafuta mikono, akaniambia, "Baba watoto, wimbo ndio. Sauti siyo." Akarudi zake jikoni.

Hapo Waya akaanza kukagua kucha zake. Alikuwa na sababu. Vidole alipooa, alijipigia mwenyewe kinanda cha kumwingiza bibi harusi ukumbini, kwa sauti aliyoipika kwa mikono yake, akibonyeza na kuonja, akibonyeza na kuonja, mpaka ikamridhisha, akaihifadhi ndani ya kinanda. Sasa binti anataka kuingia kwa sauti ile ile aliyoingia nayo mama yake. Lakini kinanda kilizeeka, kikapelekwa kwa Waya, Waya akakifungua na kutoa betri ya ndani, ile inayokitunzia kumbukumbu. Sauti zote alizozitunza Vidole zikaenda na betri, na baada ya siku chache kinanda chenyewe nacho kikafa. Binti akamtafutia baba yake programu ya kompyuta inayokiiga kinanda kile kile, mpaka vitufe vyake vimechorwa kwenye kioo. Ina kila sauti ya kiwandani. Ile ya Vidole haimo, kwa hiyo wiki nzima alikuwa anaipika upya.

— Betri ilikuwa imevimba, alisema Waya. Ningeiacha ipasuke?

— Hakuna aliyekulaumu, alisema Vidole, kwa sauti ya mtu anayelaumu.

— Halafu shemeji amekosea. Kinanda kile hakikuwa na nyuzi wala mapafu, kilikuwa kinapiga hesabu tu. Kompyuta nayo inapiga hesabu. Saba ya kwangu na saba ya kwako ni saba moja! Kwa hiyo ndiyo yenyewe.

— Mimi nina kipimo kimoja, Sindano alidakia bila kuinua kichwa. Nimekata magauni mawili kwa kipimo hicho hicho. Moja limemkaa mtu, jingine limempwaya. Hesabu zako hizo ziende zikashone.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Bunge.

— Nani ana haraka hapa?

— Nasema tu. Ninyi hamjaelewa hata kidogo. Vile vinanda viliponunuliwa na watu wa kompyuta, vilisagwa. Unga wake ndio umo humo ndani. Sasa unga wa vinanda elfu utapataje kuwa kinanda cha mtu mmoja?

— Wewe Bunge, programu haina unga!

— Ina nini?

Waya akarudia kukagua kucha zake.

— Umeona? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu ni nani? aliuliza Sindano.

— Tusitoke nje ya mada. Waya, betri umeipeleka wapi?

— Niliitupa.

— Basi sauti iko huko! Umesema mwenyewe, imetoka na betri. Kuna mtu kaiokota, kaitia kwenye tochi, kila akiwasha anasikia harusi ya Vidole na hajui inatoka wapi!

Vidole aliwageukia mmoja mmoja. Alikuja kijiweni akiwa haelewi jambo moja, sasa alikuwa haelewi matano. Kilichomtisha ni kwamba hata hilo la tochi alianza kuliona linawezekana.

— Au, alisema Waya polepole, masikio ya shemeji ndiyo yaliyobadilika. Miaka imepita, bwana. Labda sauti ni ile ile ila anaisikia na masikio mengine.

— Kamwambie wewe, alisema Vidole. Mimi nalala nyumba ile.

Lori la kokoto lilisimama kando ya benchi, likashindwa kupita kwa sababu njia ilikuwa inachimbwa. Dereva wake, mwanamke ambaye hakuna aliyemfahamu, akashuka, akaagiza kahawa kwa muuza kahawa aliyekuwa pembeni na birika lake, akasimama kusikiliza.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Bunge, na kwa mara ya kwanza siku hiyo methali yake ilikaa mahali pake.

— Shikamooni, wazee. Samahani, nauliza tu. Hiyo sauti ilikuwa inaliaje?

— Inaliaje? Bunge alicheka. Dada, sauti ile mtaa mzima unaijua!

— Haya, niimbie.

Bunge akakohoa, akajiweka sawa.

— Tiing! Tiing! Tiing!

— Hiyo ni kengele ya shule, alisema Waya. Ilikuwa inavuma. Huuuu... huuuu...

— Unaita njiwa? Sindano alisimamisha cherehani. Mimi nilicheza kwenye harusi ile mpaka kiatu kikakatika. Ilikuwa inatetemeka. Niii-ni-ni-niii.

Wakabishana, kisha wote wakamgeukia mwenyewe.

Vidole akafumba macho. Alimwona mke wake mlangoni pa ukumbi, akaona shela, akaona hata mikono yake mwenyewe ya ujana juu ya kinanda, inatokwa jasho. Vyote vilikuja isipokuwa sauti. Akafungua mdomo, akaimba ile iliyokuja.

— Hiyo hiyo! alipiga kelele Bunge.

— Wallahi ndiyo hiyo! Waya alijipiga paja. Sindano mikono ikaacha gauni, akaanza kupiga makofi.

Vidole hakucheka. Aliogopa.

— Hii ni ya kompyuta, alisema. Ndiyo niliyoitengeneza wiki hii. Ndiyo aliyoikataa mama watoto.

Makofi yakakatika.

— Sasa ile ya zamani ikoje? aliuliza dereva, bila ubaya wowote.

Muuza kahawa akanyanyua birika, bado lilikuwa zito, lakini hakuna aliyenyoosha kikombe. Bunge akatafuta methali, akaikosa. Vidole alikaa akifikiri kwamba aliyebaki na sauti ile duniani ni mkewe peke yake, na mkewe tangu azaliwe hajui hata kupiga mluzi.