Kamba ya Kushoto Haina Mtu

Risala ya Kikundi cha Nyundo na Nyimbo, Katwe, iliyosomwa na Husnah kwa niaba ya wenzake kabla ya igizo la nyimbo, "Bomba Limekauka"

Mgeni rasmi, Mama Joska, mwenyekiti wa mtaa, mafundi mliozima mashine mapema ili tusikike, majirani wote, na ninyi watoto mliopanda juu ya mabati, shukeni, yana makali. Tumewasalimu kwa vyeo vyenu, na asiye na cheo tumemsalimu kwa jina la mama yake.

KARIBU

Kwanza utuwie radhi kwa kiti. Hicho ndicho kiti chetu cha mfalme, na katika onyesho la pili kinahitajika jukwaani, kwa hiyo tutakuja kukuinua kidogo halafu tutakurudishia.

Tunajua bado unajiuliza kama tulikosea mtu. Tulipokuletea kadi kule Nsambya ulikuwa unasaga odii, ile siagi yako ya simsim na karanga. Ulifuta mikono, ukaigeuza kadi huku na huku, ukasema, "Mgeni rasmi ni mimi? Huyo si huwa mutu ya gari?" Mwenzetu mmoja akajibu, "Mama, watu wa magari tumewachoka. Hufika tukiwa tunafagia." Ukacheka. Kisha ukauliza, "Ni mukutano ya akina mama?" Tukasema, ya akina mama pia.

Hatukukudanganya. Wengi wetu ni akina mama, na ukitazama lile sanduku la nguo za maonyesho pale pembeni, wamo watoto wawili wamelala ndani yake sasa hivi. Lakini kuna neno tulilobakiza. Linakuja. Tuvumilie.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianza siku za umeme kukatika. Mashine za Katwe zikinyamaza, fundi hana la kufanya ila kugonga bati kwa nyundo, na nyundo zikiwa nyingi zinatafuta mdundo. Fundi Santo, anayetengeneza mageti, ndiye aliyeanza kugonga. Mwalimu Nasser, anayefundisha watoto dini ng'ambo ya barabara, ndiye aliyeweka maneno. Nyimbo zikapata hadithi, hadithi ikataka jukwaa, na jukwaa likataka watu. Hapo ndipo taabu yetu ilipozaliwa.

Mama, Kampala nzima inataka kuimba. Sema unatafuta waimbaji, mlango hautoshi. Sema unatafuta wa kushika taa, wa kuvuta pazia, wa kumnong'oneza mwigizaji maneno yaliyomtoka kichwani, ghafla kila mtu anakumbuka ameacha sufuria motoni. Binti mmoja alituuliza, "Na mimi nikivuta pazia, mama yangu ataniona wapi?" Swali hilo tukalibeba. Mpaka juzi tulikuwa tunalitafutia jibu.

Basi Mwalimu Nasser akasema ataandika tangazo lenye heshima. Yeye mababu zake walifika hapa na misafara ya biashara kutoka pwani, na Kiswahili ndicho alichobembelezewa akiwa mchanga. Kwetu sisi wengine, wewe unajua na sisi tunajua Kiswahili katika mji huu kimevaa viatu gani: vya askari. Kikikubishia mlango alfajiri, unatafuta kitambulisho kabla hujatafuta shati. Tulimwambia, "Mwalimu, weka Kiluganda." Akajibu, "Kiswahili sanifu ni adabu." Akabandika, kuanzia Katwe hadi kwenye kuta za nyumba za reli, kwenu Nsambya:

TUNAANDIKISHA VIJANA WA KIKE NA WA KIUME. WAWE NA AFYA, NIDHAMU NA PUMZI NDEFU. WAJE NA VIATU VYA RABA. WATAKAOFAULU WATAANZA MAZOEZI MARA MOJA.

Mnacheka. Siku ile hatukucheka. Tulifika asubuhi tukakuta mstari umenyooka kama uzi, vichwa vimenyolewa vinang'aa, kila kijana na cheti chake cha shule mkononi na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwalimu Nasser machozi yalimlenga. "Mashaallah," akasema, "nidhamu hii!" Akapaza sauti, "Haya, tuanze na pumzi!" Wote wakaanguka chini, wakaanza kusukuma ardhi kwa mikono. Mwalimu akadhani ndivyo waimbaji wa siku hizi wanavyopasha mwili moto.

Katika mstari ule alikuwamo mmoja mrefu kuliko wote, aliyekuwa akitazama mbele tu kana kwamba akigeuka ataonekana. Ndiye aliyeuliza, "Afande, tunapelekwa kambini lini?"

"Kambi gani, mwanangu?" Nasser akashangaa. "Ni hapa hapa, Jumanne na Alhamisi. Wewe sauti yako ni ya juu au ya chini?"

Kijana huyo anaitwa Ocen.

Mgeni rasmi, tulipokuwa tukiandika tulijua kwamba hapa utataka kusimama. Tafadhali usisimame. Kunja leso yako, ikunjue, ikunje tena, lakini kaa. Hilo ndilo neno tulilobakiza: kikundi hiki ndicho kilichomwandikisha mwanao.

Hatutakupamba kwa uongo. Wewe ulimsomesha kwa mikono hiyo yenye harufu ya simsim, na sharti lako lilikuwa moja. Baba yake alivaa magwanda, akapanda lori, na lori likarudi bila yeye. Ulimwambia Ocen, "Ukivaa hiyo nguo, mimi si mama yako." Na asubuhi ile alikuja akitaka kuivaa. Alikuwa amechoka kuulizwa kila kona, "Siku hizi unafanya nini?" Na kulikuwa na jingine, ambalo alimwambia Santo peke yake na Santo akatupa ruhusa ya kulisema: alitaka kujua baba yake aliona nini ndani ya lori lile hata akapanda.

Wenzake walipogundua ni kuimba, waliondoka wakitutukana kwa lugha zote za Uganda. Ocen alibaki amesimama. Kurudi nyumbani alikuwa hawezi, kwenda mbele hakukuwa na mbele. Ndipo Santo, aliyekuwa juu ya ngazi akihangaika na taa, akatazama chini, akaona urefu ule, akasema, "Shika hapa."

Akashika. Tuliimba wimbo wa kwanza, tukagombana, tukaimba wa pili, tukala mihogo, naye bado ameshika. Ndivyo alivyoandikishwa, Mama. Kwa maneno mawili, na hayakuwa ya jeshi.

Lakini maneno yana miguu. Jirani yako alikuwa ameuona mstari. Kabla Ocen hajafika, habari ilishafika: "Mutoto yako wamemuandikisha! Nimeona na macho yangu!" Alipopiga kona ya nyumba za reli aliona godoro lake limeegemezwa ukutani, nje.

"Mama, si jeshi," alisema mlangoni. "Ni michezo ya kuimba."

"Michezo gani inaandikisha watu na Kiswahili?"

Hukungoja jibu, ukamuuliza la pili: "Wewe ulienda kutafuta nini?"

La kwanza angeweza kulijibu, kwa kicheko hata. La pili, kweli ingekuumiza wewe, na uongo ungemwozea yeye moyoni. Akabeba godoro. Tangu siku hiyo analala katika karakana ya Santo, kati ya mageti ya watu, na tunasikia kwamba majirani wakikuita Mama Ocen unawajibu, "Niite Joska." Ndiyo maana kadi yetu tuliiandika hivyo. Tulikuheshimu. Lakini kalamu ilikuwa nzito.

TULIYOYAWEZA

Tumeweza mengi, na mwenyekiti wa mtaa ni shahidi. Taa zote unazoziona ni makopo ya maziwa ya unga, kazi ya Santo, ambaye hamruhusu mtu kuyagusa ila Ocen. Tumecheza shuleni, tumecheza harusini, tumecheza hadi Mbuya. Kule, kwa kuwa majirani ni wakubwa wa jeshi, tangazo tulichora picha tu: mtu amefungua mdomo. Watu wakaja wakidhani ni daktari wa meno. Basi, walau walikuja.

Lakini kuna jambo moja tunalolihesabu kuwa kubwa kuliko yote, nalo halikushangiliwa na mtu.

Igizo la leo lina askari anayelinda bomba la mtaa. Ni nafasi nono, ana nyimbo nzuri kuliko mfalme. Kila mmoja wetu alipomtazama Ocen, kifua kile, urefu ule, na sauti ambayo ikishuka hata bati linaitikia, tulisema askari tumempata. Tukamshonea koti kwa masalio ya turubai, vifungo tukaweka vifuniko vya soda. Alilishika. Akalipapasa kola kwa muda mrefu. Kisha akalikunja vizuri, kama mtu anavyokunja nguo ya mwenziwe, akalirudisha.

"Mama akinikuta na hii," alisema, "hata kama ni kitambaa ya pazia, nimekwisha. Nipeni kamba."

Jalia, mmoja wa waimbaji wetu, akamwambia, "Wewe mjinga, wenzako wanapigania kuonekana!"

"Mimi nishaonekana," akajibu. "Ona ilivyonifanya."

Hivyo askari wa leo ni Jalia, mfupi kama kinu, na masharubu ya mkaa. Mtacheka sana. Cheka na wewe, Mama, hakuna ubaya. Ila ujue kwamba koti lile lilikuwa la mwanao, na aliyelikataa ni yeye, wewe ukiwa huko Nsambya humtaki hata kwa salamu.

YANAYOTUNYIMA UTULIVU

Hapa risala nyingine hutaja paa linalovuja. Letu linavuja, tumelizoea.

Shida yetu ni pazia. Ni turubai la lori kuukuu, zito, na lina kamba mbili, moja kulia na moja kushoto. Lazima zivutwe na watu wawili kwa pumzi moja. Mmoja akivuta peke yake linakwenda upande, linanasa. Kule Mbuya mfalme wetu aliimba wimbo mzima watu wakimwona miguu. Kamba ya kulia ina Ocen. Ya kushoto haikai na mtu. Tukimpata wa kuivuta, mwezi haupiti, anagundua ana sauti, anataka mbele. Mwingine alipata pikipiki ya boda. Mwingine, dada mzuri tu, mume alimwambia, "Mke wangu hawezi kuwa mtu wa nyuma ya pazia, watu watasema unapanga njama." Tumeandikisha na kuandikisha, kwa Kiluganda sasa, na kamba bado inaning'inia.

Na sasa tunaogopa hata ya kulia. Redio imetangaza uandikishaji, na safari hii ni ule wa kweli. Ni wiki ijayo. Juzi Ocen alikuja mazoezini amenyoa kichwa.

Santo akajaribu mzaha. "Umeshikwa na chawa?"

Ocen hakucheka. "Mzee, kama nyumbani mimi ni askari tayari, si niende tu nikachukue viatu?"

Hakuna aliyeimba vizuri siku ile. Tulikosea hata nyimbo za zamani. Sisi tuliobeba watoto migongoni tulijikuta tunawashika miguu kwa nguvu mpaka wakalia. Mama, sisi si wazee wa kukufundisha uchungu wa mtoto, wengine wetu bado tunanyonyesha. Tunajua tu kwamba ulimfungia mlango ili asiende, na mlango huo huo ndio unaomsukuma.

MAOMBI

Hatuombi bahasha. Hatuombi umsamehe hadharani, hilo ni lenu wawili. Hatuombi hata umwambie neno.

Tunajua ukikaa katika kiti hicho utamwona kila mtu leo ila yeye. Kazi yake ikienda vizuri haonekani. Ndiyo kazi yenyewe. Yule binti aliyeuliza mama yake atamwona wapi, jibu tumelipata tulipokuwa tukiandika risala hii: mama aje huku nyuma.

Wageni rasmi hukata utepe. Sisi utepe hatuna, na mkasi uko kwa fundi cherehani. Tunakuomba upande ngazi zile za mbao, ya pili inacheza, kanyaga pembeni, upite upande wa kushoto. Hatukumwambia Ocen kwamba mgeni rasmi ni nani. Lakini turubai si ukuta, na anayesoma ana sauti kubwa, kwa hiyo sasa amesikia yote. Mkiona pazia linatikisika, si upepo. Hakuna upepo Katwe.

Mungu anayeitwa kutoka kila kilima cha mji huu, kwa adhana na kwa kengele, aibariki mikono yako kwa kila ilichosaga na kila ilichozika. Awalinde watoto wote wenye vichwa vilivyonyolewa. Na sisi atupe watu: wachache wa kuonekana, wengi wa kushika.

Tuko tayari kuanza. Mwanao amesimama kulia. Santo ameshaifungua kamba ya kushoto, anakunyooshea.

Mama Ocen, shika hapa.

Ni sisi,
Kikundi cha Nyundo na Nyimbo, Katwe.