Fundi Taa na Somo la Kitivo cha Pili

Ndugu waombolezaji, marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Taa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi Januari 1958, akamaliza sekondari Novemba 1970, na Julai 1971 akajiunga na chuo kikuu, Kitivo cha Uhandisi, kusomea umeme.

Mwaka wa pili kanuni ilimruhusu kuchagua somo moja nje ya kitivo chake, naye akachagua elimu ya udongo katika Kitivo cha Kilimo, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, wenzake wakimtania kwamba nyaya zimemshinda, sasa anakwenda kushika jembe. Fomu ilitaka sahihi mbili, kwanza ya mkuu wa kitivo chake, ndipo ya mwalimu mwenyeji, lakini mkuu alikuwa safarini, mwalimu akasema kijana ingia darasani, karatasi zitakufuata, naye akaingia. Alifaulu kwa alama 81, ambazo kitivo chake hakikuzipokea kwa kuwa hakukuwa na idhini, na mwaka 1974 wenzake walipovaa majoho yeye aliambiwa achague somo jingine, arudie mwaka. Alikataa, akisema somo amekwisha kulisoma.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa na chuo hichohicho kama fundi umeme, akabadilisha taa za kumbi za mihadhara kwa miaka thelathini na sita, na kila Januari alipeleka barua ofisi ya mitihani, akajibiwa kuwa suala lake linashughulikiwa. Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na msichana aliyekaa naye benchi moja katika darasa la udongo, ambaye hadi leo husema bwana huyu alikosa shahada akapata mke, na hakuwahi kumsikia akilalamikia biashara hiyo. Walijaliwa watoto watatu.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2019. Mwezi uliopita kitindamimba wake alirudi kutoka chuoni na habari kwamba shahada itatolewa, mradi baba atie sahihi barua ya kukiri kosa na kuomba radhi. Aliisoma barua ile hadi mwisho, akavua miwani, akamwambia, mwanangu, nimechoka, na kosa silioni. Alifariki dunia tarehe 9 Septemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 72.

Watoto wamemwomba kaka yake, anayewasomea haya, aandike kwamba marehemu alihitimu, na kaka mtu, ambaye kwa miaka mingi alimsihi ainamishe kichwa yaishe, angependa sana kuwaridhisha, lakini ameandika kama ilivyokuwa, kwamba alisoma, alifaulu, hakuhitimu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopokezana kukesha naye, na mafundi wenzake waliofika jana na ngazi yao kufunga taa za msiba huu bila kuombwa.

Umechoka kweli, mdogo wetu. Pumzika kwa amani.