Mama Kitasa na Pumzi Tatu za Mlangoni

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, Mkuu wa Idara ya Utakasaji atatundika koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali yetu, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa mkuu. Kwa wageni ambao hawajawahi kushuka kule chini, Utakasaji ndiko vinakooshwa, vinakofungwa na kupikwa kwa mvuke vifaa vyote vya upasuaji. Kila mkasi na kila kisu kilichowahi kumgusa mgonjwa humu ndani kilipita kwanza mikononi mwa watu wake. Kwenye barua za ofisi ana jina refu lenye vyeo. Sisi tunamwita Mama Kitasa, naye huitika.

Jina hilo lina historia, na aibu ya historia hiyo ni ya fundi wa majengo, ambaye kamati ya sherehe, kwa sababu inazozijua yenyewe, imemkabidhi kalamu hii.

Alianza kazi kwenye sinki, akiosha vifaa kwa brashi. Alipanda ngazi moja moja, na aliposhika ukuu tulimpa jina la kwanza: Ambulensi. Alikuwa kiguu na njia, simu sikioni, faili kwapani, chai iliyopoa mkononi, na sauti yake ilimtangulia kona mbili. Alikujibu kabla hujamaliza kuuliza, na mara nyingi alijibu swali ambalo hukuliuliza. Kazi zilikwenda, tusimsingizie. Ila watu wakimwona anakuja walijibanza ukutani ili apite.

Kisha, mwaka wake wa tatu wa ukuu, akaanza kusimama. Kila alipofika kwenye mlango wa idara, ule wa chuma wenye kidirisha cha kioo, alishika kitasa, akainamisha macho, akatulia kama sekunde kumi na tano. Halafu ndipo alipofungua na kuingia. Alifanya hivyo asubuhi, akarudia baada ya kila kikao na kila safari ya stoo, hata mara ishirini kwa siku.

Fundi alikuwa akipita na ngazi begani, akafanya hesabu ya kifundi: mtu ameshika kitasa, mlango haufunguki, basi kitasa kinakwama. Akakitia mafuta. Wiki iliyofuata akamkuta amesimama vilevile, akakibadilisha. Baada ya mwezi akakibadilisha tena, safari hii akaleta kizito cha shaba, cha kufunga na kusahau. Alipomkuta tena amesimama pale, alikaribia kulia. Alimwomba radhi na kuahidi kung'oa mlango mzima. Mkuu alimtazama, akacheka mpaka akakalia ndoo ya kupigia deki.

"Fundi," akasema, "kitasa ni kizima. Kibovu nilikuwa mimi."

Habari hiyo ilifika jikoni kabla ya chakula cha mchana, na Ambulensi akawa Mama Kitasa hadi leo.

Alieleza kwamba alifundishwa na mkunga mkuu wa wodi ya wazazi. Mkunga huyo huwaambia akina mama walio kwenye uchungu kwamba uchungu haupokei amri ya mtu, lakini pumzi ni yao. Washike kitanda, wavute, washushe. Mama Kitasa hakuwa na kitanda cha kushika, akachagua kitasa. Pumzi zenyewe ni tatu. Ya kwanza, alisema, ni ya kuyaacha koridoni yaliyotokea koridoni. Ya pili ni ya kuzisikia nyayo zake, ambazo kwa kawaida zinauma. Ya tatu hakuisema. Fundi alipoulizia, aliambiwa arudi kwenye ngazi yake.

Msidhani alipunguza kazi. Alikuwa na kazi zilezile, simu zilezile, na madaktari walewale wanaotaka kila kitu jana. Ila kwenye vikao vyake simu zote, ya kwake ikitangulia, ziliingia kwenye trei ya chuma na kifuniko kikafungwa. Kikao kilichokula saa mbili kikashuka hadi dakika ishirini na tano, maana kila mtu alisikia alichoambiwa mara ya kwanza. Ukimfuata na jambo lako, aliweka kalamu chini, akageuza kiti, akakutazama. Wenye shida walipenda sana. Wenye visingizio waliteseka. Kuna mkuu wa zamu mmoja alikwenda na hadithi ya jino bovu, akatazamwa kwa utulivu ule, akajikuta anaeleza mwenyewe jinsi harusi ilivyofana.

Sasa tufike kwenye ile Jumanne, miaka saba iliyopita.

Kati ya mashine zetu tatu za mvuke, moja ilikuwa imekufa na nyingine ilikuwa imejaa vifaa vya vyumba vingine. Iliyobaki ndiyo iliyopika seti ya upasuaji iliyokuwa inasubiriwa juu, ambako kulikuwa na mama mjamzito na mapigo ya moyo wa mtoto wake yalikuwa yanashuka. Simu iliita mara tatu. Mara ya nne hawakupiga. Daktari bingwa alishuka mwenyewe, kofia ya upasuaji kichwani. Mama Kitasa akaitwa kutoka kikaoni, akaja mbio, akafika mlangoni. Akasimama.

Tuliokuwepo tunakumbuka. Daktari alikuwa nyuma yake anatweta, roho mkononi, na sisi wengine tulitamani kumsukuma. Akavuta ya kwanza. Akavuta ya pili. Akavuta ya tatu. Nyuma ya mlango mashine ilikuwa inamalizia kutoa mvuke.

Alipoingia hakuuliza kuhusu seti. Aliuliza kwa nini mashine inakohoa. Siku zote humaliza kwa pumzi moja ndefu, kama mtu anayetua mzigo, na siku hiyo ilikuwa ikimaliza vipande vipande. Hakuna mwingine aliyelisikia hilo. Pakiti zikatolewa. Utepe wa nje ulikuwa umegeuka mweusi inavyotakiwa, na kila mtu akanyoosha mkono. Yeye akafungua moja na kuchomoa kikaratasi cha ndani, kile kinachogeuka cheusi mvuke ukikifikia. Kilikuwa cheupe. Joto lilikuwa limefika nje tu.

"Hizi haziendi," akasema.

Daktari akamwambia kwamba mtoto hana dakika za kusubiri.

"Najua. Kabati la dharura la wodi ya wazazi, rafu ya chini, nyuma ya mashuka. Ipo seti moja, niliifunga mwenyewe Ijumaa."

Ilikuwepo. Sote tulikuwa tumeisahau kabisa. Muuguzi aliifuata mbio, na mtoto akatoka akiwa hai, wa kike, mwenye sauti ambayo mkunga mkuu anasema angeweza kuisikia akiwa sokoni. Fundi ameandika mambo haya mara nyingi kichwani, na bado haelewi mtu anapata wapi kichwa kama kile katika dakika kama zile.

Chanzo kilijulikana upesi. Asubuhi ile fundi alibadilisha mpira wa mlango wa mashine huku simu ameibana kati ya sikio na bega, akizungumzia bomba linalovuja jikoni. Mpira ulijikunja upande mmoja. Ndiyo, ni fundi yuleyule, na ndiye anayeandika. Kamati ya nidhamu ilimwita, na barua ya kumfukuza ilikuwa mezani, imeshachapwa. Nyumbani alikuwa na watoto wanne na mke ambaye alikuwa bado hajaambiwa.

Mama Kitasa aliitwa kama shahidi, na hakumficha. Alieleza mpira ulivyokaa, hadi upana wa mkunjo, na fundi akajua yamekwisha. Kisha akaomba kuongeza jambo.

Alisema kwamba katika mwaka wake wa tatu wa ukuu, mwoshaji ambaye sote tunamwita Shangazi alikuja akasimama mlangoni mwa ofisi yake. Yeye alikuwa na simu sikioni, anasaini fomu. Shangazi akasema, "Mama yangu amefariki." Naye, bila kuinua macho, akajibu, "Sawa, weka hapo mezani."

Alieleza kwamba Shangazi alisimama kidogo, hana cha kuweka, kisha akarudi kwenye sinki akaosha vifaa hadi mwisho wa zamu. Mkuu wake alijua kesho yake, aliposoma tangazo la msiba ubaoni.

"Simu yangu ilikuwa sikioni kama yake," aliiambia kamati. "Tofauti ni kwamba kosa la fundi tumelidaka mlangoni. La kwangu lilitoka."

Mwenyekiti aliikunja ile barua. Akasema kosa moja haliachi mke, akampa fundi onyo la maandishi. Tangu siku hiyo simu ya fundi hulala ndani ya sanduku la vifaa mpaka skrubu ya mwisho ikazwe.

Mengine ni ya kawaida kwa mtu kama yeye. Amefundisha watu ishirini na wawili, watatu kati yao sasa ni wakuu kwenye hospitali nyingine. Tangu ile Jumanne hakuna pakiti yake hata moja iliyorudishwa. Shangazi alimsamehe zamani, wakawa mtu na dada yake, na leo amekaa mstari wa mbele, kwa hiyo fundi anachunga maneno yake.

Hapa naomba ruhusa niache kusema "fundi", niseme mimi.

Jumatatu tulikagua idara kwa ajili ya makabidhiano. Tulipofika mlangoni nikaandika kwenye orodha: kitasa kimoja, cha shaba, kizima. Mama Kitasa alikishika kwa mazoea. Nikamwuliza tena kuhusu pumzi ya tatu, miaka kumi na sita baada ya kufukuzwa nirudi kwenye ngazi. Safari hii alijibu.

"Ya tatu namsikiliza Shangazi," akasema. "Kila mara ananiambia, na kila mara naweka kalamu chini."

Mara ishirini kwa siku, kwa miaka kumi na sita. Nilijaribu kupiga hesabu pale pale, nikashindwa kuona karatasi.

Mama Kitasa, asante kwa mikono yako, kwa masikio yako, na kwa kazi yangu ambayo bado ninayo. Nenda nyumbani ukapumzishe hizo nyayo. Tunakuombea maisha marefu yenye afya, chai ya moto, na watu wa kukusikiliza kama ulivyotusikiliza. Kitasa tutakiacha palepale.