Kichupa cha Mwisho cha Ardis Kvamme

Wasikilizaji wapendwa, leo tukae kidogo na Ardis Kvamme. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na minne. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa maabara hapa bondeni Dakota Kaskazini, akikuza virusi vya homa ya ubongo, vile vinavyoenezwa na mbu.

Ardis alikuwa na pacha wake, Lyle. Kiangazi kimoja cha mafuriko, Lyle alirudi kutoka shamba la viazisukari akilalamikia kichwa. Siku ya sita akafa. Miaka ishirini na miwili tu. Virusi vilivyomuua vikapelekwa maabara, na Ardis akaomba kazi hukohuko.

Aliyewahi kumtembelea anajua maelezo yake. Ukiviweka kwenye seli za figo ya tumbili, baada ya siku tatu seli zimekufa, na tabaka la seli kwenye sahani ya maabara limejaa matundu. Ukiviweka kwenye seli za mbu, vinaishi humo, na seli zinaishi. Basi akavitunza kwenye seli za mbu. Kila wiki akivihamishia chupa mpya. Kila wiki, miaka kumi na mmoja.

"Shangazi, huo ni ugonjwa au ni paka wako?" Marit, binti wa kaka yao mkubwa, alimtania.

"Kula mkate wako wa lefse, siagi inamwagika."

Siku moja akavirudisha kwenye seli za tumbili. Matundu yakatoka madogo kama ncha ya sindano. Virusi vilikuwa vimezoea chupa. Havikuwa tena vile vya Lyle.

"Nimevilea mpaka nimevipoteza," alimwambia Marit, akalia.

Kikabaki kichupa kimoja cha virusi vya mwanzo kwenye friza. Kimoja tu. Marit alipokua akawa mtafiti wa chanjo, akakiomba mara tatu. Mara tatu akanyimwa.

Mwezi uliopita, akiwa hajiwezi kitandani, Ardis alimpigia simu. "Kiyeyushe, mwanangu. Uvikuze kwenye seli za tumbili, uniletee picha ya sahani."

Marit akaileta. Matundu yalikuwa makubwa, kama yale ya zamani. Ardis akaitazama sana.

"Ndivyo vyenyewe," akasema. "Miaka yote hii nimeshika kilichomuua. Ile picha ya Lyle akiwa juu ya trekta, mliiweka wapi?"

Marit na ukoo wote wa Kvamme, poleni sana. Nawe unayenisikiliza, unayemtamani mtu wako aliyekwenda, hebu tazama leo umeshika nini mkononi.