Kiti Kinachopiga Simu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye tumekusubiri kwa furaha na kwa njaa. Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Profesa Mkuu wa Idara. Ndugu Mkurugenzi wa kampuni iliyotupatia vifaa vya utafiti pamoja na kofia hizi zenye nembo yake. Wahadhiri, wahitimu, ndugu wageni waalikwa mlioingia kwa kadi, na ndugu zangu mnaochungulia madirishani kwa kukosa kadi: nawasalimu nyote.

Nimeombwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya familia za wahitimu. Mume wangu, yule pale mstari wa mbele mwenye joho lililomzidi urefu, alininong'oneza tulipokuwa tunaingia: "Sema asante, ukae." Lakini mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Nimezoea wasikilizaji wanaonyoosha mkono kuomba kwenda nje, na hapa naona watu wazima walionyamaza wote kwa pamoja. Nafasi kama hii nitaipata lini tena?

Leo idara imetoa wahitimu wake wa kwanza wa shahada ya uzamili katika Intaneti ya Vitu, na mume wangu ametajwa kuwa bora kuliko wenzake wote. Kwa faida ya wageni wasioijua fani hii, hata mimi sikuijua. Nilimuuliza mwanzoni kabisa: hiyo Intaneti ya Vitu ndiyo nini? Akanieleza kwa subira. Vitu vinawekewa vihisi, yaani vidude vidogo vinavyohisi joto, uzito au mtikisiko, kisha vinapashana habari vyenyewe. Jokofu linaiambia simu, simu inaiambia kompyuta, kompyuta inamwambia Profesa. Nikauliza, "Na watu je, wanaambiana lini?" Akasema hiyo ni idara nyingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, basi na nyumba yetu nayo ikaanza kusoma. Jokofu likawa linamtumia ujumbe kwamba mlango wake uko wazi, na aliyeuacha wazi ni yeye mwenyewe, amesimama mbele yake anausoma huo ujumbe. Tangi la maji likatangaza kwamba limejaa, wiki ambayo mtaa mzima ulikuwa unapanga foleni na madumu. Ikaja kujulikana kwamba mende alikuwa amejilaza juu ya kihisi. Taa ya sebuleni ilijizima kila tulipotulia, kwa hiyo wanangu walifanya kazi zao za shule huku wakipunga mikono hewani. Je, nililalamika? Sikulalamika. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mume wangu aliinama kweli, maana chini ya kila kitanda kulikuwa na waya.

Naomba nitoe pongezi za pekee kwa msimamizi wake, ambaye wanafunzi, kwa mapenzi tu, wanamwita Profesa Rudia. Kila kazi aliyopelekewa aliitazama juu ya miwani, akatamka neno moja: "Rudia." Mume wangu aliirudia sura ya kwanza mpaka kitinda mimba wetu akaikariri. Ugonjwa huu nao unaambukiza. Siku moja nilimpa mume wangu chai, akaonja, akanirudishia kikombe: "Rudia." Siku hiyo alijipikia mwenyewe.

Sasa nije kwenye utafiti wenyewe, uliotuleta hapa.

Mama mkwe wangu anaishi peke yake, ng'ambo ya soko, mwendo mfupi tu kwa miguu. Kabla ya masomo, mwanawe alikuwa akipitia kwake kila anapotoka kazini. Anakaa kwenye kigoda, anasimulia ya huko alikotoka, mama anamuuliza kama amekula, naye anasema hajala hata kama ameshiba. Masomo yalipoanza, zile jioni zikaenda maabara. Mama akabaki na kigoda kitupu. Mume wangu, kwa kuwa ni msomi, akaliona tatizo hilo. Mtu mwingine, asiye na elimu kama yake, angekwenda kumwona mama yake. Yeye alilifanya kuwa mada ya utafiti: Mfumo wa Intaneti ya Vitu wa Kufuatilia Ustawi wa Wazee Wanaoishi Peke Yao. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini tuwasamehe, fimbo za zamani zilikuwa hazina intaneti.

Akafunga kihisi mlangoni, akafunga kingine kwenye birika, na cha tatu, ambacho ndicho moyo wa mfumo, akakiweka chini ya mto wa kiti anachopumzikia mama mchana. Kiti kikikaa kitupu kupita kiasi, simu ya mume wangu inalia kengele ya hatari, naye anapiga haraka. "Mama, uko wapi? Mbona hujakaa?" Na mama anajibu, "Nipo, babaangu. Umekula?"

Kengele zikawa nyingi. Mchana huu inalia, kesho inalia, keshokutwa inalia mara mbili. Mume wangu akabadilisha betri, akabadilisha waya, akambadilishia mama na mto. Nikaenda mimi kumwona, tukiwa jikoni wawili tunachambua mchele, nikamuuliza: "Mama, kwani hicho kiti kina nini?"

Akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Kiti hakina kitu, mwanangu. Mimi nikiinuka nikasimama pale dirishani, nikihesabu wapita njia kidogo, mwanangu ananipigia. Nikishaisikia sauti yake, nakaa."

Ndugu wageni waalikwa, yule mama hajawahi kukanyaga chuo kikuu, na alikuwa mtumiaji pekee wa mfumo ule aliyeridhika nao.

Lakini Profesa hakuridhika. Alizitazama zile takwimu juu ya miwani, akasema kengele za uongo zimezidi, huo si mfumo, ni usumbufu. Rudia! Mume wangu akarudia. Akaandika programu inayojifunza tabia za mzee, ili mzee akiinuka wakati mlango haujafunguliwa na birika halijawashwa, mfumo utambue kwamba hiyo ni kelele tu, uinyamazishe. Programu hiyo ndiyo iliyosifiwa leo asubuhi kwa maneno ambayo sitaweza kuyarudia, na Mkurugenzi wetu hapa ameahidi kuiuza duniani kote. Iliondoa kengele za uongo karibu zote. Ilifanya kazi vizuri mno.

Mama akainuka, akasimama dirishani. Kimya. Akakaa, akainuka tena. Kimya. Akakipiga kiti makofi. Nilipokwenda akaniuliza, "Mwanangu, kiti chenu kimekufa?"

Nilimwambia mume wangu, "Mama anakutaka." Akatoa simu, akanionyesha alama ya kijani. "Mama yuko salama, angalia mwenyewe." Hapo, waheshimiwa, nilikasirika, na hasira hiyo nimekuja nayo mpaka hapa, chini ya kilemba hiki kizuri.

Mara iliyofuata nilimkuta mama mkwe wangu ameketi kizingitini, ametandika khanga sakafuni. Kwenye kiti kulikuwa na ndoo ya maji, imejaa, imefunikwa. Akasema, "Kama hakijali nikiinuka, basi kikae na ndoo." Na tangu siku ile ndoo haikuondoka. Alipotaka maji ya kunywa alichota kwenye mtungi.

Wahadhiri wangu wapendwa, naomba mkumbuke ile grafu ya sura ya nne. Ule mstari ulionyooka, ambao jopo la watahini lilisema halijapata kuona mzee mwenye mchana mtulivu namna ile. Niwahakikishie kwamba takwimu zile hazikughushiwa. Kihisi kilisema kweli tupu: kilichoko juu ya kiti kimetulia. Na kilikuwa kimetulia. Ndoo haina presha.

Naona Profesa amevua miwani. Profesa, usirudie.

Mtaniuliza, kwa nini sikusema mapema? Kwa sababu mama alinishika mkono akaniambia, "Usimwambie, mwanangu, utamharibia mtihani wake. Mwache kwanza avae joho." Nikamuahidi, na nikanyamaza wakati wote huo, mimi mwalimu, mnajua ilivyoniwia vigumu. Leo joho amelivaa. Ahadi yangu imekwisha pale alipoitwa jina lake, akapanda jukwaani, mkapiga makofi.

Kadi za wageni zilikuwa mbili kwa kila mhitimu. Moja nimeingia nayo mimi, ya pili alipewa bosi wake, maana kwa mujibu wa mfumo mama yuko salama nyumbani. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini mimi lake nimelibeba nimelileta mbele yenu.

Baba watoto, sasa nasema na wewe. Mimi nakusifu, na sifa hii haina kejeli ndani yake. Ulisoma ukiwa umechoka, ukafaulu, na watoto wako wanatembea mtaani wamevimba vichwa kwa ajili yako. Lakini mama yako alikupigia simu kwa njia pekee uliyomwachia, kwa kuinuka kwenye kiti, nawe ukaiita kelele ukaichuja. Chuo kimekupa shahada kwa hilo. Mama hakukupa hata lawama.

Asubuhi ya leo, wakati wewe unajipima joho kwenye kioo, mimi nilipitia kwake. Niliishusha ile ndoo kwenye kiti, na kile kifaa cha ukutani kinachokupelekea habari za vihisi nikakichomoa. Kwa hiyo tangu hapo simu yako haina habari yoyote ya mama. Naam, itazame. Hakuna kijani, hakuna nyekundu. Kiti ni kitupu, naye nimemwacha amesimama dirishani, nimemwambia awatazame vizuri wapita njia, huenda leo mmoja wao akawa amevaa joho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nilikuwa na maneno mengine ya shukrani kwa idara na kwa kampuni, lakini nayafupisha, kwa sababu naona mhitimu wetu bora ameinuka. Ndugu mpiga picha, mpishe, picha atapiga baadaye. Bosi, sogeza miguu kidogo apite. Joho usivue, baba, hata likikuburuza vumbi sokoni. Na ukiulizwa kama umekula, unajua la kujibu.

Nawashukuru nyote mlionisikiliza mpaka mwisho. Na yule mmoja ambaye hakunisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa ameshatoka kwa mlango ule, huyo ndiye ninayemshukuru zaidi.